Mkono wa Pili

Baba hakujua kusoma,
lakini aliandika vizuri kuliko karani yeyote wa boma.
Walimpa karatasi, akaichora ilivyo,
kama mtu anayechora mbuzi au kisima:
hii ina tumbo, hii ina mguu mmoja,
hii imekunja mikono kifuani.
Mimi nilishika kopo la rangi nyeusi,
nikinusa tarpentini hadi kichwa chepesi.

Ubao ukasimikwa njia ya ufukweni inapoanzia,
hapa hapa Malindi, hatua chache kutoka hotelini.
Juu Kiingereza. Chini, kwa ajili yetu:
WAZUNGU TU.
Baba alilipwa shilingi nne.
Tulikula wali kwa papa, siku mbili.

Nilikuwa nimeanza misheni. Nikausoma kwa sauti,
nikijivunia.
Kazungu, mdogo wangu, miaka tisa, akauliza:
"Wamesemaje?"
Nikamwambia.
Akaruka kwa furaha: "Si jina langu hilo!
Wameniita mimi na wenzangu wote!"
Na kweli, kwetu Wagiriama nani hana Kazungu wake?
Kazungu wa Mweni, Kazungu mgema,
Kazungu wa Ganda mwenye chongo.
Akaingia mbio, shati mkononi.

Mbwa nao hawajui kusoma.

Alirudi shavu la mguu limefunguka.
Mama akalisafisha kwa maji ya chumvi, hakuuliza kitu.
Baba alilitazama jeraha,
kisha akazitazama kucha zake, bado nyeusi.
"Zile alama," akasema,
"ndizo zilizosema hivi?"

Kila masika Sabaki ilishuka nyekundu,
ikaingia baharini bila kibali,
ikapita mbele ya hoteli
ikipaka kila mguu udongo wa bara.
Wakakunja miavuli yao, wakanung'unika.
Sisi tulicheka chinichini:
tope halivai kipande shingoni.

Mei, sitini na tatu.
Foleni ilitoka mlango wa shule ikazunguka choo,
Mhindi wa duka la vitambaa nyuma ya mpagazi,
na mama mmoja wa Kizungu, kofia mkononi,
akiuliza mwisho wa foleni uko wapi.
Tukamwonyesha.
Mara karani: "Kazungu wa Tsuma!"
Mdogo wangu hakusogea.
Mguu ule ule ulimgandia.
Karani akarudia, amechoka, hakucheka:
"Kazungu! Upo ama haupo?"
"Nipo."
Akaingia akitembea,
shati mwilini, vifungo vyote vimefungwa.

Desemba wakamwita baba aje na nyeupe.
Nikashika kopo tena, mtu mzima, mama wa wawili.
Hakupaka ovyo. Alizifuata herufi,
ya kwanza hadi ya mwisho,
kama shahidi anayekana maneno yake
moja moja mbele ya hakimu.
Pesa akazikataa.
Tukafika njiani, akarudi akazichukua:
hata kufuta ni kazi.

Mvua zilizofuata ziliila ile nyeupe.
Asubuhi moja W ikachungulia,
halafu Z, kama jino.
"Inataka mkono wa pili," baba akasema.
Akapaka. Mwaka mwingine akapaka tena.

Siku hizi baba hayupo, wala ubao.
Pana ukuta, pana geti, na bawabu,
naye jina lake Kazungu.
Ukutani hakuna neno.
Bei tu, huko ndani, kwenye karatasi nyororo.
Kila mtu ruhusa.
Juzi nilisimama pale na mjukuu wangu.
"Bibi, mbona hatuingii?"
Nikamwambia jua kali, twende zetu.

Jana usiku nimeitafuta brashi ya baba.
Nywele zimeshikana, ngumu kama kwato.
Nimeiloweka kwenye mafuta ya taa.
Asubuhi hii nimeigusa:
pembeni inaanza kulegea.